Kamba ya Mwanamke Mrefu

Mlionisoma wiki iliyopita mnakumbuka niliwaachia wapi: nimesimama peku katika jiko langu jipya Migori, mkono nimeukunja kama mtu anayesonga ugali, na fundi Mirumbe amepiga magoti miguuni pangu akinipima kwa kamba.

Kwa aliyekosa gazeti, mimi ni Nyasuguta, mke wa Machuki, mwenye duka la sabuni na mafuta ya taa hapa Migori. Mume wangu ni mzee wa kanisa letu la Sabato. Ndoa yetu ilifungwa mbele ya mchungaji, na kanisa letu halijui mke wa pili. Hilo mlishike.

Cherehani yangu iliibwa, mnajua. Nyumba ya kwanza upepo ukaiezua, mnajua. Mwaka huo wa nne wa Uhuru tukajenga ya matofali, na mimi nikaomba kitu kimoja tu: meza ya jikoni ya jiwe. Mbao huoza. Nilitaka itale, lile jiwe gumu la madoadoa linalopasuliwa vilimani kwa Wakuria.

Machuki alikubali kabla sijamaliza kusema. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mwanamume akikubali haraka, kuna jambo.

Jiwe nililichagua mwenyewe. Mirumbe alinifundisha: unalimwagia maji uione rangi yake ya kweli, kisha unaligonga kwa nyundo. Lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hukohoa. Langu lililia. Lilikuwa na madoa meupe kama kanga wa porini, na mshipa mmoja mweupe uliokatiza katikati mpaka ukingoni, ambako patasi iliukata.

"Na huu mshipa uliobaki umeenda wapi?" nilimuuliza siku ile.

"Jiwe ilikuwa kubwa, mama. Na watu ni wengi," Mirumbe akajibu.

Nikacheka. Mjinga mimi.

Basi, jiwe lililetwa Jumapili asubuhi na lori la Makori. Wanaume sita walilibeba huku wakiguna, wakalilaza juu ya nguzo mbili za matofali ambazo Mirumbe alikuwa amezijenga kwa kipimo cha kamba yake. Mirumbe hatumii futi. Husema futi ni ya serikali, kamba ni ya mwenye jiko. Kamba yake huanzia kisiginoni, hupanda mpaka chini kidogo ya kiwiko cha mwanamke atakayepika, hapo hupigwa fundo, na jiwe hukaa kwenye fundo.

Wabebaji walipotoka nilijifunga leso kiunoni, nikaenda kusimama mbele ya meza yangu.

Ilinigota kifuani.

Niliweka sufuria juu yake. Sikuona hata kilichokuwa ndani.

"Mirumbe! Jiwe liko juu!"

"Jiwe iko sawa, mama. Nimejenga na kamba."

"Basi ni mimi nimepungua tangu wiki iliyopita?"

Akacheka. Akachukua kamba yake, akanikanyagisha ncha kwa kisigino, akaivuta juu. Fundo likapita kiwiko, likasimama kifuani. Mirumbe akaacha kucheka. Akaigeuza ile kamba, akauona uzi mwekundu uliofungwa kwenye ncha.

"Lo! Hii si yako. Yako haina nyekundu. Hii ni ya jiko ingine."

Mnajua wenyewe Kiswahili kilivyo. Sokoni wakisema fulani amepata jiko, hawazungumzii mafiga. Wanazungumzia mke.

"Jiko gani lingine?"

Mirumbe ni mtu wa kusema neno kama lilivyo, hana mafumbo. "Jiko ingine ya mzee," akasema. "Ile alinituma nipime."

Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja kilichojaa saruji.

"Mzee yupi, Mirumbe? Mzee wangu?"

"Mama, mimi ni mtu ya mawe tu."

Akaanza kukusanya patasi zake kwa haraka. Alipoinama kuzifunga, nikafanya jambo la kwanza ninaloliungama leo. Niliivuta ile kamba nikaitia kifuani, na nyundo yake ndogo nikaisukuma kwa mguu chini ya gunia.

Machuki alirudi jua likiwa bado juu. Akalipapasa jiwe kwa kiganja.

"Jiwe zuri."

"Linanifika kifuani."

"Nitakutafutia kigoda usimamie."

Kigoda! Nyumbani kwangu, jikoni kwangu, nipande kigoda kwa sababu ya kimo cha mwanamke mwingine! Nilihisi moto umewaka kifuani, pale pale jiwe liliponigota.

"Kuna jiko lingine, Machuki?"

Akachota maji mtungini akanywa. Alikuwa ametoka kunywa maji mengine sasa hivi.

"Ni la mteja. Watu wameliona jiwe letu, wamelitaka. Mimi nawaunganisha na fundi, basi."

"Mteja mwanamume au mwanamke?"

"Mteja ni mteja, Mama Mogaka."

Mogaka ni kifungua mimba wetu, yuko shule ya bweni. Machuki huniita hivyo anapotaka nikumbuke kwamba mimi ni mama wa mtu na ninyamaze. Nikanyamaza. Lakini kunyamaza na kuamini ni vitu viwili.

Sikilizeni ratiba ya mume wangu. Jumatatu na Jumanne yuko Homa Bay, kwa wakubwa wa wilaya, mambo ya leseni ya duka. Jumatano na Alhamisi yuko Karungu, biashara ya samaki. Ijumaa yuko nyumbani kabla jua halijatua, amenawa, Biblia mkononi. Miaka mitatu sasa. Na mimi miaka hiyo mitatu nilikuwa nikimwombea safari njema.

Siku mbili zile niliishi kama mgonjwa. Kila mwanamke mrefu aliyepita barabarani nilimpima kwa macho: kisigino, kiwiko, fundo. Mwalimu mmoja mrefu alikuja dukani kununua sabuni, nikamwambia sabuni imekwisha. Sabuni ilikuwa imejaa mpaka darini. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mimi nilikuwa nimeshiriki kwa mikono miwili.

Jumanne nikamwita Makori wa lori.

"Makori, lile jiwe lingine la mzee ulilifikisha?"

"Nilifikisha, mama. Homa Bay, chini ya kilima ya Asego, mlango ya buluu. Kwani mzee hajakuambia?"

"Ameniambia. Nilitaka kujua kama lilifika zima."

"Zima kabisa!"

Jumatano nikafunga duka. Niliwaambia majirani nakwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilibeba kikapu cha ndizi mbivu, na chini ya ndizi nyundo ya Mirumbe. Nilichagua Jumatano kwa makusudi: Machuki angekuwa ametoka Homa Bay amekwenda Karungu, na mimi nilimtaka huyo mwanamke peke yake. Nilitaka nimwone, kisha nilivunje jiwe lake mbele ya macho yake.

Basi lilipokuwa linangoja kujaa, akapanda mwanamke mrefu, mrefu wa kuinamisha kichwa mlangoni. Akaja kukaa karibu nami. Macho yangu yakaanza kazi yao: kisigino, kiwiko, fundo. Angeweza kuwa yeye kabisa!

"Watoka wapi, dada?" nikamuuliza, meno nimeyabana.

"Karungu. Nimelala kwa shangazi hapa Migori. Naitwa Monicah."

Nikashusha pumzi. Niliyemtafuta alikuwa wa Homa Bay. Huyu wa Karungu hakuwa na neno nami, nikamsogezea kikapu apate nafasi ya miguu yake mirefu. Alikaa polepole, mkono kiunoni.

"Pole. Ni mgongo?"

"Mgongo, dada. Mume wangu ameniletea meza ya jiko, kitu safi sana, lakini fundi ameweka chini. Nikikata mboga ni kama napalilia shamba."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikamtania.

"Heri mvungu! Inanifika hapa." Akajipiga pajani.

"Mwambie mume amrudishe fundi."

"Mume mwenyewe ni mtu wa safari. Mfanyabiashara. Leo ndio siku yake ya kufika, na leo atakuta nimefunga mlango. Kuna kitu nimechoka kuambiwa, nataka kuona kwa macho."

"Wangu vilevile! Siku nne kwa wiki simwoni."

Basi tukawasema wanaume mpaka Rongo, na kutoka Rongo mpaka Homa Bay. Nilimpa ndizi mbili. Nilimwonea huruma kwelikweli, yule dada na mgongo wake. Wala sikumuuliza meza yenyewe ni ya mbao au ya jiwe. Wivu una macho makali, lakini hutazama upande mmoja, na wangu ulikuwa unatazama Homa Bay.

Tuliagana kituoni. Yeye alisema ana mahali pa kuulizia. Mimi nikashika njia ya Asego.

Mlango wa buluu niliuona kwa mbali. Nikapiga hodi, mkono mmoja ndani ya kikapu.

Akafungua mwanamke mfupi. Mfupi kama mimi, tena kama amenizidi ni kwa ukucha.

"Niitie mwenye nyumba," nikasema.

"Ndio mimi. Naitwa Filister. Karibu, dada."

Sikuamini. Nikajifanya natoka kwa fundi Mirumbe, kwamba nataka meza kama yake na nimekuja kuiona. Akafurahi. Akanipeleka jikoni. Jiwe lilikuwa pale, madoa yale yale ya kanga, na mshipa mweupe ukianzia ukingoni, pale ambapo wangu ulikatwa. Ni jiwe moja. Lakini nilipolisogelea lilikuwa chini ya kiwiko changu sawasawa, na chini ya kiwiko chake sawasawa. Kamba yenye uzi mwekundu haikuwa yake!

Jamani, nilifurahi mno. Mteja ni mteja! Machuki wangu alisema kweli, na mimi nimekuja na nyundo kumfuata mwanamke wa watu. Nikaketi. Filister akanimiminia uji wa wimbi uliotiwa ukwaju. Nikaunywa, nikamsifu. Nikampa na ndizi.

Nilipoinua kikombe mara ya pili nikaliona koti.

Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Koti jeusi la kanisani. Machuki aliniambia liliibwa ndani ya basi, na nilimpa pole. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa buluu, kwa sababu siku ile mweusi uliniishia.

"Koti la nani, dada?"

"La mume wangu. Ametoka hapa leo alfajiri tu."

Hili ndilo la pili ninaloliungama. Nilichomoa nyundo nikalipiga lile jiwe kwa nguvu zote Mungu alizonipa.

Jiwe likalia kama kengele. Nyundo ikaruka mpaka chini ya mtungi, na mkono wangu ukafa ganzi hadi begani. Kwenye jiwe palikuwa na alama ndogo kama ya ukucha.

Filister hakupiga kelele. Aliitazama nyundo, akalitazama koti, akanitazama mimi.

"Wewe ni wa Migori," akasema.

"Ni wa Migori. Mke wa ndoa. Ya kanisa!"

"Aliniambia mke wa Migori alimtoroka, akarudi kwao Kisii."

"Nimetoroka vipi na nguo zake nazifua mimi?"

"Zingine nafua mimi."

Filister akavuta kigoda, akaketi, akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Sikuiba mtu, dada. Baba yangu alipokea ng'ombe wake mbele ya watu. Lakini kuna siku jina lako lilimtoka akiwa amesinzia, na kutoka hiyo siku nilijua kuna mtu. Kwetu wivu tunaita nyiego. Na mke mwenzangu namwita nyieka. Unasikia? Ni neno moja. Hizo vitu mbili zilizaliwa nyumba moja. Nilijua utakuja. Nilifikiri utakuja na matusi, sio na nyundo."

Nilitaka kumchukia na nilimchukia. Lakini mkono uliniuma, na yeye ndiye aliyeleta maji ya kuukanda. Ni vigumu kumtukana mtu aliyekushika mkono.

Alipoukanda ndipo nikaikumbuka kamba.

"Kama ni wewe," nikasema, "mbona hii si ya kwako?"

Nikaitoa kifuani. Nikamkanyagisha ncha, nikaivuta. Fundo likasimama kifuani pake, pale pale liliposimama kwangu. Filister akafungua sanduku akatoa kamba nyingine, yake, aliyoiomba kwa Mirumbe iwe kumbukumbu. Fundo lake likatua chini ya kiwiko. Tukasimama ubavu kwa ubavu mbele ya lile jiwe, wafupi wawili, na ile kamba ndefu mkononi mwangu.

"Hii si yangu," akasema Filister.

"Wala si yangu."

Uji ukafurika mekoni, hakuna aliyeuepua. Filister akauliza polepole, kama mtu anayekanyaga matope:

"Jumatano anakuambia anaenda wapi?"

"Karungu. Biashara ya samaki."

"Na mimi ananiambia hivyo. Karungu. Samaki." Akaitazama tena ile kamba ndefu. "Nyieka, hebu niambie. Samaki wa Karungu umewahi kumla?"

Nikafikiri. Miaka mitatu ya Jumatano. Nikatafuta kichwani ngege mmoja, mkia mmoja, hata omena wa kujaza kiganja. Machuki alirudi Ijumaa na Biblia.

"Sijawahi."

"Mimi pia sijawahi. Ngege wangu nanunua mwenyewe hapa bichi, kwa wavuvi."

Hapo ndipo mazungumzo ya ndani ya basi yaliponirudia. Mume mtu wa safari. Leo ndio siku yake ya kufika. Meza inamfika Monicah pajani! Kama kamba yake ndefu ilijenga jiko langu, kamba yangu fupi ilijenga jiko la nani? Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Hawakusema kwamba anayekuja juu yake anaweza kuwa mrefu, na kwamba utampa ndizi mbili.

"Filister," nikasema, "funga mlango."

"Hodi humu ndani!"

Tulikuwa tumechelewa. Mlango wa buluu ulisukumwa, na mtu akainamisha kichwa ili apite. Mkono mmoja uliushika mgongo. Mkono wa pili ulishika kamba fupi isiyo na uzi mwekundu, na ndizi yangu moja ambayo alikuwa hajaila.

"Samahani," akasema Monicah. "Nimeambiwa kituoni jiwe kama yangu ililetwa hapa. Natafuta mwanamke mfupi, yule alipimwa na hii kamba fundi aliacha kwangu."

Kisha akaniona. Uso ukaanza kumchangamka kwa kunitambua, ukaishia njiani. Akamtazama Filister. Akanitazama tena mimi, akalitazama koti kwenye msumari, akatutazama wote wawili tulivyolingana mbele ya jiwe.

"Ni nani kati yenu?" akauliza.

La tatu ninaloliungama ni zito kuliko nyundo. Kamba aliyoshika ilikuwa yangu, fundo lilikuwa langu, na uji wa Filister ulikuwa bado mtamu mdomoni mwangu.

Nikanyoosha kidole, nikamwonyesha Filister.